Kujifunga kwa tarehe, kwa dau au kwa kufuli: ipi inamfaa nani?

Heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi. Mchumi akiisikia methali hiyo haoni kosa ndani yake: kuacha moja ili upokee leo ni gharama ya kutongoja, na kila mtu ana kiwango chake. Kasheshe inaanza ukimsogezea mtu huyohuyo swali lilelile mbele. Achukue kenda baada ya siku 30, au kumi baada ya siku 31? Hapo wengi watakwambia, nimeshangoja mwezi mzima, siku moja zaidi itanifanya nini, nipe kumi. Sasa mwezi upite, umfuate asubuhi ya siku ya 30 na umwulize tena. Kenda, anasema, na kiganja ameshakifungua.

Kugeuka huko ndiko kunakoitwa upendeleo wa sasa katika uchumi wa tabia. Kati ya siku ya 30 na ya 31 hatuoni tofauti. Kati ya leo na kesho tunaona bonde. Mchumi Paul Samuelson, alipoandika mwaka 1937 namna ya kupima thamani ya mambo yajayo, alichukulia kwamba thamani hupungua kwa kasi ileile kwa kila siku inayosogea. Mtu wa namna hiyo akipanga Jumatatu, Ijumaa anatekeleza. Lakini Richard Thaler alipowauliza watu, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1981, wangetaka kiasi gani ili waridhike kungojea dola 15 walizoshinda, jibu la katikati lilikuwa dola 20 kwa kungoja mwezi, 50 kwa kungoja mwaka, na 100 kwa kungoja miaka kumi. Zigeuze namba hizo kuwa riba ya mwaka: 345%, 120%, 19%. Kinachouma ni ile hatua ya kwanza ya kuiacha leo. Baada ya hapo tunazidi kuwa wavumilivu kadiri siku zinavyokuwa mbali. David Laibson mwaka 1997 alilitia hilo katika fomula inayotumika hadi sasa: kila kisicho cha leo hukatwa mara moja kwa kiasi kinachoitwa beta, kabla ya makato ya kawaida ya muda kuanza. Beta ikiwa nusu, adha ya kesho huonekana nusu ya adha ya leo, na utamu wa kesho nusu ya utamu wa leo.

Kuahirisha huzaliwa humo. George Akerlof alilieleza mwaka 1991 kwa kisa chake mwenyewe. Alikuwa akiishi India kwa mwaka mmoja, Joseph Stiglitz akamtembelea na kumwachia boksi la nguo alitume Marekani. Kwa zaidi ya miezi minane, kila asubuhi Akerlof aliamka akiamua kwamba kesho yake ndiyo siku ya kulituma. Ukiichukua siku moja moja, hesabu yake haina ubaya: usumbufu wa leo ni mkubwa, hasara ya kuchelewa siku moja zaidi ni ndogo. Ukizijumlisha zote, boksi bado liko pembeni ya chumba na mwaka umekwisha. (Mwaka 2001 wawili hao walitunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence, kwa hiyo mtu anaweza kuahirisha na bado akafika mbali.)

Dawa inayotolewa ni kujifunga: leo, ukiwa bado unaitazama kazi kwa mbali na akili imetulia, umfunge yule wewe wa siku yenyewe. Vifungo vya namna hiyo ni vingi na vingi vimepimwa kwa watu halisi. Nimevilinganisha kwa ajili ya anayetaka kuchagua kimoja. Msimamo wangu niutoe mapema: kifungo kigumu kuliko vyote kwa kawaida si ndicho kizuri kuliko vyote, na kabla ya kuchagua kifungo ni lazima ujue unachokiahirisha ni kichungu au kitamu.

Kichungu cha leo, kitamu cha leo

Ted O'Donoghue na Matthew Rabin mwaka 1999 walitoa mfano wa sinema ambao mimi huutumia kila nikieleza jambo hili, kwa sababu unaweza kuukokotoa kwenye kipande cha karatasi. Una ripoti ya kuandika, na Jumamosi nne za kuiandika. Ukiiandika Jumamosi fulani, unakosa sinema ya Jumamosi hiyo. Ya kwanza ni ya hivi hivi, ya pili nzuri, ya tatu nzuri sana, ya nne yumo Johnny Depp. Uchungu wa kuzikosa tuupe namba: 3, 5, 8 na 13. Beta iwe nusu.

Asiye na upendeleo wa sasa anaandika Jumamosi ya kwanza, anapoteza 3, kazi imekwisha. Mwenye upendeleo huo lakini asiyejijua anasema: leo napoteza 3, nikingoja nitapoteza 5, ila 5 ya wiki ijayo kutoka hapa nilipo ni kama 2.5. Wiki ijayo, basi. Wiki ijayo inafika, 5 ya leo inakutana na 8 ya mbele inayoonekana kama 4. Wiki ijayo tena. Ya tatu, 8 dhidi ya 6.5, hadithi ileile. Anaishia kuiandika ripoti Jumamosi ya nne huku wenzake wote wako sinema. Na hakujidanganya kwa makusudi hata mara moja; kila wiki aliamini kwa dhati kwamba wiki ijayo ataandika.

Anayejijua ana tamaa zilezile na beta ileile. Tofauti yake ni swali moja. Jumamosi ya pili anajiuliza: nikiacha leo, huyo mimi wa Jumamosi ya tatu ataandika kweli? Namfahamu, hataandika, atasukuma hadi ya nne. Kwa hiyo mbele yake hakuna 8 tena. Kuna 13, na nusu ya 13 ni 6.5, ambayo inazidi 5. Anaketi anaandika. Hakuwahi kama wa kwanza, lakini amejiokoa.

Ungeishia hapo ungedhani kujijua ndiyo dawa. Sasa ugeuze mfano. Huna ripoti, una tiketi moja ya bure ya kutumia Jumamosi yoyote kati ya hizo nne, na namba zilezile sasa ni utamu. Asiyejijua anavumilia wiki ya kwanza na ya pili akiiwazia ile ya 13, kisha ya tatu uvumilivu unamwishia, anaona ya 8. Anayejijua je? Anaanza kuhesabu kutoka mwisho. Jumamosi ya tatu sitavumilia, kwa hiyo 13 haipo. Jumamosi ya pili nitakuwa na 5 mkononi dhidi ya 8 inayoonekana kama 4, nayo sitavumilia, kwa hiyo hata 8 haipo. Basi leo nina 3 dhidi ya 5 inayoonekana kama 2.5. Twende leo. Anatoka kwenye ile sinema ya hivi hivi, tiketi imekwisha, na alijijua vizuri kuliko wote. Umewahi kumsikia mtu akisema, "maadamu najua nitaivunja tu, heri niivunje leo"? Ndiyo hesabu hiyo.

Mimi huyagawa mambo kwa mfano huo. Jambo likiwa chungu mwanzoni na tamu mwishoni (tasnifu, ripoti, mazoezi), kujijua kunakusaidia na kifungo chepesi chaweza kutosha. Jambo likiwa tamu mwanzoni na chungu mwishoni (kula akiba, sigara, deni), kujijua peke yake kwaweza hata kukumaliza, na unahitaji kifungo ambacho ufunguo wake hauko mfukoni mwako. Yanayofuata nimeyapanga kwa msingi huo.

Tarehe yako au tarehe uliyopangiwa

Hapa tuko kwenye kazi chungu. Jaribio linalotajwa kila mahali ni la Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, 2002, katika chuo cha MIT. Darasa moja la wanafunzi lilipangiwa tarehe za kuwasilisha kazi tatu zikiwa zimeachana sawasawa katika muhula. Darasa jingine liliachiwa kila mtu achague tarehe zake, na akizichagua zimfunge, na kila siku ya kuchelewa imkate 1% ya alama. Mtu wa Samuelson angeziweka zote siku ya mwisho ya muhula: hakuna alama ya ziada kwa kuwahi, kwa nini ujibane? Wengi hawakufanya hivyo. Walijibana kwa hiari yao, maana yake wanajijua. Lakini hawakujibana vizuri kama walivyobanwa wale wengine, na alama zikaonyesha. Katika jaribio la pili la watafiti haohao, la kusahihisha maandishi, mpangilio ulikuwa uleule: waliopangiwa tarehe zilizoachana sawa walikamata makosa mengi zaidi, waliojipangia wakafuata, waliopewa tarehe moja tu ya mwisho wakawa nyuma.

Nisingeliegemea jaribio hilo peke yake. Alberto Bisin na Kyle Hyndman walirudi kwenye swali hilohilo, wakachapisha mwaka 2020, na walichokiona ni cha kukatisha tamaa kidogo: wanafunzi walizitaka tarehe za kujifunga, walijiwekea, lakini wanaomaliza kazi hawakuongezeka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tarehe uliyojiwekea mwenyewe iweke kwenye kundi la vitu vya bure vyenye nguvu ndogo. Haidhuru kujaribu. Usijengee nyumba juu yake.

Tarehe ya mwingine ina nguvu zaidi, ila kwa sharti. Mimi hutafsiri kwa kuajiriwa kazi moja moja. Nikipewa kurasa 80 na mwezi mmoja, nilikuwa nafanya kurasa 55 wiki ya mwisho, macho mekundu, na tafsiri inaonekana. Siku hizi namwomba mteja mwenyewe adai kurasa 20 kila Ijumaa saa sita mchana. Mteja mmoja alikubali, nikamtumia Ijumaa ya kwanza, nikamtumia ya pili. Ijumaa ya tatu nikakumbuka kumwuliza juu ya neno fulani la ukurasa wa 12, nikagundua hajafungua faili hata moja. Wiki ya nne nilimtumia kurasa sita. Tangu hapo nauliza kabla: utazisoma? Kama jibu ni "nitazihifadhi", tarehe hizo ni zangu tu, zimevaa kanzu ya mtu mwingine.

Kwa mwenye tasnifu au kitabu: mtafute msomaji, gawanya vipande vilivyo sawa, na tarehe zipangwe na yeye. Kujipangia mwenyewe kubaki kwa kazi za siku mbili tatu.

Dau

Njia hii ina makali. Unaweka fedha rehani. Ukitimiza unarudishiwa, ukishindwa zinakwenda. Xavier Giné, Dean Karlan na Jonathan Zinman waliijaribu Ufilipino kwa wavutaji wa sigara na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Mvutaji alifungua akaunti, akaweka fedha zake kwa miezi sita, kisha akapimwa mkojo. Nikotini ikionekana, fedha zinakwenda kwenye misaada. Waliokubali walikuwa 11% tu ya walioalikwa. Lakini waliopewa fursa hiyo walikuwa na uwezekano wa kufaulu kipimo uliozidi wa wengine kwa pointi 3 za asilimia, na walipopimwa kwa kushtukizwa baada ya mwaka mmoja, wakati hakuna tena fedha inayoning'inia, tofauti ilikuwa bado ipo. Pointi tatu zinasikika kama si kitu. Hata hivyo hapo wamo pia wale wengi waliokataa kujiunga, na sigara ni katika mambo magumu kuliko yote kuyaacha. Mimi naiona ni ushindi.

Upande wa kazi, Supreet Kaur, Michael Kremer na Sendhil Mullainathan (2015) waliwapa waingiza data nchini India mkataba wa ajabu. Unajiwekea lengo la siku. Ukilifikia unalipwa kama kawaida, usipolifikia unalipwa nusu. Hakuna siku utakayopata zaidi ya mwenzako asiye na lengo. Kwa hesabu ya kawaida hakuna sababu ya mtu kuukubali, na bado waliuchagua katika 36% ya nafasi walizopewa. Watu wanajua udhaifu wao na wako tayari kuutilia kitanzi.

Ubaya wa dau ni kwamba anayejijua nusu huumia. Anett John, katika utafiti mwingine wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2020, aliwapa watu akaunti ya kuweka akiba kwa awamu, na faini kwa atakayekatiza, faini ambayo mteja mwenyewe ndiye aliyeipanga. Kwa wastani akiba katika benki iliongezeka sana. Lakini 55% ya waliojifunga walishindwa wakatozwa. Hao walijua wana tatizo. Hawakujua ukubwa wake, wakachagua kamba nyembamba kuliko uzito wao. Dau dogo lisilokuzuia ni kodi tu unayojitoza.

Kuna na suala la mwamuzi. Wakati mmoja nilimpa rafiki yangu bahasha, nikamwambia: sura mbili zisipofika kwako tarehe 30, fedha hizi ni zako, zitumie. Tarehe 30 ikafika, sura moja. Tarehe 2 akaja nyumbani, bahasha mkononi, haijafunguliwa. "Ndugu yangu, nile jasho lako kwa sababu ya sura moja? Chukua bwana." Nikazichukua. Sura ya pili iliandikwa miezi minne baadaye. Rafiki mwema ni mwamuzi mbaya. Kwa dau mtafute mtu asiyekuonea huruma, au chombo kisichokujua.

Nilivyopima mimi, dau linafaa pale tu ambapo mafanikio yanapimika bila ubishi (kipimo cha mkojo, idadi ya maneno, kilo) na kiasi ulichoweka kingekuuma kweli. Kwa jambo lisilopimika, kama "kuandika vizuri zaidi", utabishana na mwamuzi hadi asubuhi.

Kufuli au sanduku tu

Sasa akiba, ambayo kuila ni tamu leo. Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walichapisha mwaka 2006 utafiti wa benki moja huko Mindanao, Ufilipino. Wateja walialikwa kufungua akaunti iliyofungwa: unachagua mwenyewe tarehe au kiasi, na kabla ya hapo hutoi. Riba haikuwa kubwa kuliko ya akaunti ya kawaida. Ulichokipata cha ziada ni kufungiwa tu. Walioipokea walikuwa 28%, na baada ya mwaka akiba ya kundi lililoalikwa ilikuwa imeongezeka kwa pointi 81 za asilimia zaidi ya kundi ambalo halikuguswa. Wanawake ambao majibu yao ya awali yalikuwa na ule mgeuko wa kenda na kumi ndio waliojitokeza zaidi.

Ukiishia hapo, utanunua kufuli kubwa. Subiri. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson mwaka 2013 walichapisha jaribio la magharibi mwa Kenya, kwa watu waliokuwa katika vikundi vya akiba, lengo likiwa fedha za mambo ya kinga ya afya. Wengine walipewa sanduku la chuma na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa msimamizi hadi lengo litimie. Kwa fikra ya vifungo, la pili lingeshinda. Lililoshinda ni la kwanza: waliokuwa na ufunguo wao waliongeza matumizi ya kinga kwa karibu theluthi mbili, huku sanduku lililofungwa halikuleta tofauti ya maana katika jambo hilo. Kundi la tatu, lililoweka pamoja mfuko wa afya na kupeana zamu, lilizidi hata la kwanza.

Sababu zake ukizifikiri zinaeleweka. Fedha ambazo huwezi kuzifikia hata mtoto akiugua usiku ni fedha ambazo mtu anaogopa kuziweka. Na sanduku lenye ufunguo wako lilifanya kazi nyingine ambayo kufuli halikuiongeza: lilizipa fedha jina. Ndugu akija kuomba, huna haja ya kusema uongo kwamba huna. Unasema zipo, ila hizi ni za dawa.

Tafiti hizi mbili zinaonekana kupingana, na nadhani hazipingani. Ya Mindanao, mteja alichagua mwenyewe lengo na kiasi cha kufunga, na aliyetaka akiba ya wazi aliendelea kuwa nayo pembeni. Kwa hiyo ukiniuliza: dharura kwanza, mahali unapopafikia, penye jina lake. Kinachozidi hapo, na chenye tarehe inayojulikana (karo, kodi ya pango, safari), ndicho cha kukifungia. Anayefungia kila kitu ataishia kukopa huku akiba yake inamtazama.

Kuufunika uchungu kwa utamu

Katherine Milkman, Julia Minson na Kevin Volpp (2014) walichukua vitabu vya kusikiliza vyenye hadithi zinazomnasa mtu, wakavifungia jimu: ukitaka kujua kilichofuata, nenda kafanye mazoezi. Mwanzoni kundi hilo lilikwenda 51% zaidi ya kundi la kulinganisha. Walioambiwa tu wajizuie wenyewe kusikiliza nje ya jimu walikwenda 29% zaidi. Kisha likizo ya Novemba ikaingia, watu wakapoteza mazoea, na tofauti ikafifia.

Ni njia ya furaha na haina faini. Inafaa kazi chungu za kurudiarudia ambazo mikono inafanya na masikio yako huru. Kwa kuandika haifai kabisa, nimejaribu.

Kuuondoa uamuzi mezani

Njia ya mwisho hainunui nguvu zaidi za kujizuia. Inapunguza mara unazozihitaji. Thaler na Shlomo Benartzi, 2004, waliwaeleza wafanyakazi: msikatwe kitu leo, ila mkubali kwamba kila nyongeza ya mshahara ikija, sehemu yake iende moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni. Kujitoa ruhusa wakati wowote. Kati ya walioelezwa mpango huo, 78% walijiunga; wanne kati ya kila watano walikuwa bado wamo hadi nyongeza ya nne; kiwango cha akiba kikapanda kutoka 3.5% hadi 13.6% ya mshahara katika miezi 40.

Ninachokipenda humo ni ujanja wake. Upendeleo wa sasa unamfanya mtu akubali kwa urahisi jambo chungu likiwa la baadaye, na uzito wa kuamka kwenda kujitoa unamfanya abaki. Udhaifu uleule unaokuharibia unafanywa punda wa kubeba mzigo. Kwa fedha, naliweka hili mbele ya dau na mbele ya kufuli, bila kusita. Hasara yake ni kwamba uzito huohuo utakuacha miaka kwenye kiwango kibaya kama ulianza na kiwango kibaya, hivyo hesabu zifanyike siku ya kujiunga. Na kwa kazi ya kichwa halina msaada: hakuna agizo la benki linaloandika tasnifu.

Ned Augenblick, Muriel Niederle na Charles Sprenger (2015) waliwapima watu walewale kwa fedha na kwa kazi ya kuchosha, na mgeuko wa kenda na kumi ulionekana wazi kwenye kazi, huku kwenye fedha ukiwa mdogo sana. Walipopewa kifungo cha kazi hiyo bure, 59% walikitaka. Kilipotiwa bei hata ndogo, wengi wao wakakiacha.

Kabla hujalipia chochote, basi, jipime hivi. Chukua kazi unayoiahirisha, uihamishe hadi siku ya mbali ambayo ratiba yake bado ni tupu, uone kama siku hiyo unaitaka. Ukiitaka ikiwa mbali na kuikimbia ikifika, hilo ni boksi la Akerlof, na mojawapo ya vifungo vya hapo juu litakufaa. Kama hata kwa mbali huitaki, hakuna kufuli linalokuhusu, ifute. Na kufuta nako kunahitaji tarehe. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier (2006) walifuatilia wanachama wa jimu tatu nchini Marekani waliokuwa wakilipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi na kuhudhuria wastani wa mara 4.3, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila ziara, wakati tiketi ya ziara kumi iliuzwa kwa dola 10 kwa kila ziara. Kati ya siku ya mwisho mtu kuonekana jimu na siku aliyofuta uanachama, kwa wastani ilipita miezi 2.3, na ada ikikatwa.